Kikohozi cha Langoni, Kifuniko cha Jikoni

Nyinyi vijana mnaoingia kituoni sasa, wekeni simu chini kidogo. Na wewe uliyeanza kusoma ukiwa umesimama, keti, maana mimi sikuandika nikiwa nimesimama.

Siku ya kuniaga mlitaka nihutubie. Nikakataa. Hotuba ni ya wachungaji na watu wanaotafuta kura. Mimi nilitoka shule darasa la nne, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga, lakini kalamu naijua. Kwa hivyo nimeandika. Mkikuta mahali nimekosea, rekebisheni kimyakimya. Msinipigie simu.

Mambo ya mshahara na cheo nayaruka. Cheo cha jikoni ni kimoja tu, mama wa jikoni. Ukitaka kupanda juu ya hapo unafika kwenye dari, na pale kuna masizi.

Nilianza kazi watoto wangu wakiwa bado wanagombania shuka. Kanisani kwetu Naitiri walitangaza ati kuna nyumba ya chuo kikuu Kitale, upande wa kuelekea Tuwan, inatafuta mama wa kupika na kutunza nyumba, mtu asiyeogopa wageni. Mimi wageni siwaogopi. Wao ndio huniogopa. Nikaenda.

Mkubwa wa kituo wakati huo alikuwa mama mmoja mpole sana, sauti yake kama mtu anayebembeleza kuku. Akaniambia hapa ni kituo cha utafiti, tunasoma Asia ya siku hizi. Akaniuliza, "Mama, wewe unajua nini kuhusu Asia?"

Nikamwambia, "Najua mchele wao. Najua mapanga yao, yanakatika mpini. Na najua Wahindi wa duka pale Bungoma wakishaingia kula mchana, hata ukiita namna gani hawatoki."

Akacheka, akanipa funguo. Huo ndio mtihani peke yake niliowahi kupita.

Siku ya kwanza alikuja mgeni kutoka India, mtu wa heshima, miwani ya dhahabu. Kwetu mgeni wa heshima ni kuku, na firigisi ni yake, mtu mwingine haigusi. Nikachinja jogoo, nikapika polepole, nikamwekea firigisi juu kabisa ili asiitafute. Yule mzee akaangalia sahani kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ajali. Kumbe hali nyama tangu azaliwe, na baba yake hakula, na babu yake. Mzee Barasa, dereva wetu, akavuta sahani akasema, "Wacha niokoe heshima ya kituo." Akaiokoa mpaka mfupa wa mwisho. Mgeni akala ugali na mrenda, akaomba aongezewe mrenda. Tangu siku hiyo nikawa nauliza kwanza. Kuna wasiokula nyama, kuna wasiokula hata kitunguu, kuna wanaokunywa chai bila maziwa na bila sukari, maji ya majani tu, na hawaumwi.

Sasa mtaniuliza, Asia na Kitale wapi na wapi? Hata mimi niliuliza. Nikaja kuona kwamba watafiti hawakuwa na haja ya ndege kila siku. Asia yenyewe ilikuwa imetufuata. Wachina walikuwa wanatengeneza barabara na wanalala kambini, wakipanda mboga zao kando ya mabomba. Wasichana wa mtaa wa Kipsongo na wa kwetu vijijini walikuwa wanaenda Arabuni kufanya kazi za nyumba, wengine wanarudi na televisheni, wengine na kimya. Halafu kulikuwa na zile familia za Wahindi na Kalasinga za Bungoma na Kitale, watu wa maduka ya vitambaa na vyuma, waliozaliwa hapa na wanaowaoza watoto wao kule. Hayo yote kituo kilikuwa kinayaandika.

Aliyenifundisha kazi ni huyo Barasa. Kwenye karatasi alikuwa dereva, lakini kazi yake hasa ilikuwa kubisha hodi. Mtafiti akifika kwa mtu na maswali mkononi, mlango unafungwa. Barasa alikuwa akitangulia. Anasalimia, anauliza mvua imefika wapi, anasifu mbuzi. Akaona wanawake wengi hawafunguliwi na mdomo wa mwanamume, akaanza kunichukua.

"Mama Nasimiyu," akaniambia, "ukiingia, tafuta kazi ya mkono. Mtu akikuona umekaa bure anajua umekuja kumchunguza."

Ndivyo nilivyofanya Kipsongo kwa msichana mmoja aliyerudi kutoka Arabuni akikataa kuongea na mtu. Watafiti walikuwa wameenda, wakarudi na salamu tu. Mimi nikamkuta anafua. Nikavua viatu, nikashika upande wa pili wa blanketi, tukakamua. Tulipomaliza kuanika alikuwa ameongea mambo mengi, mengine yaliingia kwenye utafiti na mengine yaliingia kwangu na hayatatoka. Mkitumwa kwa mtu kama huyo, kumbukeni blanketi. Rekoda baadaye.

Hiyo rekoda nayo ilikuwa mikononi mwangu kwa sababu watafiti walikuwa wanasahau kubonyeza. Kidude kidogo, kifungo chekundu. Mtu ana digrii mbili, anasikiliza asubuhi nzima, akirudi ofisini kumbe amerekodi mfuko wake wa suruali. Rekoda, thamosi mbili na gamubuti, hivyo ndivyo vyombo vyangu. Na kifuniko cha sufuria, ambacho ndicho kimenikalisha hapa kuandika.

Binti yangu Nasimiyu aliolewa na kijana aliyesoma India. Tangu sasa nitamwita baba Nafula, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, maana jina lake mwenyewe halitoki kinywani mwangu. Alirudi na lugha za kule mbili, akakaa bila kazi mpaka Nasimiyu akawa analisha nyumba kwa kuuza nyanya. Siku moja nikapigiwa simu, "Mama, baba Nafula amepata kazi ya chuo kikuu!" Nikashukuru Mungu. Nikajua ni Nairobi.

Jumatatu nikiwa naosha vikombe, nikaangalia dirishani. Nani anafungua lango la kituo na koti la harusi yake? Ni mkwe wangu.

Wale wa kwetu mmeshaelewa. Wengine nawaelezea. Kwetu Wabukusu, mama na mwanamume aliyemwoa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawashikani mkono. Hawali mahali pamoja, hawakai kiti kimoja baada ya mwingine. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Hakuna aliyekosea mwingine. Ni heshima, na ni kubwa kuliko zote, kwa sababu huyo mtu umempa mtoto wako. Wengine siku hizi wameiacha. Mimi sijaiacha.

Nikaingia stoo, nikajifungia na magunia. Barasa akaja kubisha. "Mama Nasimiyu, si utoke? Wageni wanataka chai."

"Chai iko kwenye meko. Mwambie huyo mtu mimi niko hapa."

"Mtu gani?"

"Huyo mwenye koti."

Nikamsikia Barasa anacheka mpaka akashika mlango. Lakini alikuwa mtu wa kwetu. Jioni hiyo alisimama katikati, akatupangia. Baba Nafula akifika langoni atakohoa. Mimi nikiwa jikoni nitagonga kifuniko cha sufuria, maana yake nimesikia, niko huku, pita mbele. Nikitaka kutoka kwenda kamba ya nguo nagonga tena, yeye anageukia ukuta. Chai napika mimi, anabeba Barasa. Yeye anakunywa mbele, mimi nakunywa nyuma, sufuria ni moja.

Na ilienda vizuri! Kohoa, gonga. Kohoa, gonga. Nilifika mahali naweza kujua siku yake ilivyo kwa kikohozi peke yake. Akikohoa kwa haraka, ameamka na homa ya mtoto nyumbani. Akikohoa polepole, Nasimiyu amemsumbua. Nami nikigonga nilikuwa nagonga kwa nguvu, ili asije akadhani namsalimu kwa uvivu.

Halafu yule mkubwa wetu mpole akastaafu, tukaletewa Profesa Athumani, mtu wa Mombasa. Mtu mzuri. Msafi, mcheshi, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nilikuwa naona haya kumwambia "chakula imeiva." Lakini alikuwa na macho yanayoona kila kitu. Akaona kwamba mama wa jikoni na mtafiti wake mmoja hawajawahi kusimama chumba kimoja. Mmoja akiingia, mwingine anatoka mbio. Na kila kijana yule akifika langoni, jikoni kunapigwa vyombo kama kunafukuzwa nzige.

Akaamini tumegombana. Kwa roho yake nzuri akaamua kutupatanisha.

Akaniita, "Mama, lete chai ofisini, kuna wageni wawili." Barasa alikuwa amepeleka gari kwa fundi. Nikabeba sinia. Kusukuma mlango hivi, baba Nafula ameketishwa kwenye kiti, ananiangalia!

Mimi niligeukia ukuta na sinia nikaweka kichwani. Yeye sikumwona alikokwenda, lakini nilisikia kiti kinaanguka. Kumbe ameingia chini ya meza.

"Lahaula!" Profesa akasema. "Ndiyo mmefikia hapa? Jamani, nyinyi ni watu wazima. Hebu peaneni mikono, yaishe."

Nikaambia ukuta, "Profesa, huo mkono mimi sipeani."

"Na wewe, bwana mdogo?"

Sauti ikatoka chini ya meza, "Siwezi, Profesa. Nisamehe."

"Hata kumtazama?"

"Hata hiyo."

Profesa akakaa chini. "Basi kumbe ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mama, amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi wewe ndiye uliyemkosea?"

"Mimi pia sijamkosea."

Nilisikia anapumua. Mtajiuliza kwa nini sikumweleza. Mambo ya mkwe huwa hayaelezwi na wenyewe, tena mbele yake, tena na sinia kichwani. Ukianza kueleza umeshamtaja, na kumtaja ni nusu ya kumwangalia. Ni kazi ya mtu wa tatu. Mtu wetu wa tatu alikuwa kwa fundi.

Barasa aliporudi akaenda kujaribu. "Prof, huyo si ni mkwe wake, bana. Amemwoa binti yake."

"Ndiyo hayo sasa!" Profesa akapiga meza. "Ugomvi wa ukweni. Mbaya kuliko wote. Kwetu mama mkwe humkatia mkwewe papai kwa mkono wake, akamsukumia sahani, akamwambia kula mwanangu. Huyu anampigia vyombo!"

Barasa akajaribu tena, lakini yeye naye alikuwa akianza kueleza anacheka, na mtu anayecheka haaminiwi. Profesa akatoa uamuzi. Mikataba yetu yote miwili ilikuwa inaisha pamoja. Akasema atasaini mmoja tu. Nyumba ndogo kama ile haiwezi kubeba watu wawili wasiotazamana.

Hapo kicheko kiliisha. Nasimiyu alikuwa na mimba ya pili. Biashara ya nyanya alikuwa ameiacha. Baba Nafula akikosa kazi ile, wanarudi kwenye chumba cha kupanga na deni la duka. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeizoea ile kazi kama unavyozoea Mlima Elgon. Kila siku uko hapo, huutazami, lakini siku wingu likiufunika unauliza umekwenda wapi. Niende nyumbani nifanye nini? Nihesabu vifaranga?

Lakini mtoto ni mtoto. Nikamwita Barasa nyuma ya jiko. "Mwambie Profesa asaini ya huyo kijana. Mimi naenda. Na huyo kijana usimwambie."

Barasa akavua kofia. "Mama Nasimiyu, nyinyi wawili mtaniua. Asubuhi ameniita kando ya gari. Ati nimwambie Profesa asaini yako, yeye anaenda. Na ati wewe nisikwambie."

Nilirudi ndani, nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Kabla ya Profesa kusaini, kulikuwa na kazi moja Bungoma ambayo haikungoja. Kulikuwa na mama wa Kikalasinga pale mjini, mzee sana, kila mtu alimwita Bibiji. Duka lao la vitambaa lilikuwa limeuzwa, na yeye alikuwa anapelekwa kwa mtoto wake ng'ambo. Kituo kilikuwa kinaandika habari za wasichana wanaoletwa kutoka India kuolewa huku, na Bibiji aliletwa hivyo, na wake za wanawe waliletwa hivyo. Alikuwa amekataa watafiti wengi. Mwishowe akasema ataongea kwa masharti yake. La kwanza, aje yule mama wa thamosi, kwa sababu nilikuwa nimemsaidia kukunja majora ya vitambaa siku za nyuma na sikumuuliza kitu. La pili, aje mtu anayejua lugha yake, maana mambo ya ndani hayasemeki kwa Kiswahili cha kaunta. Mtu wa lugha alikuwa mmoja kituoni. Mnamjua.

Profesa akasema anakuja mwenyewe kutusimamia, na tutaenda gari moja. Sawa. Pikapu yetu ilikuwa na viti ndani na sehemu ya mizigo nyuma. Nikapanda kwa mizigo, nikavuta turubai. Profesa akaja kunisihi kwa Kiswahili kizuri sana. Nikamwambia hapa kuna hewa. Tulipofika Kamukuywa mvua ikashuka, hewa ikawa nyingi.

Bungoma, Bibiji alikuwa ameketi chumba cha nyuma ya duka, mdogo kama ndege, bangili mpaka karibu na kiwiko. Duka lenyewe tayari lilikuwa tupu, rafu zimebaki na vumbi la pamba. Akanishika mashavu. "Umelowa kama mbuzi. Kaa." Nikakaa, nikaweka rekoda, nikafungua thamosi.

Huko mbele dukani nikasikia kikohozi. Ameingia, na hajui niko upande gani. Mkono wangu ukatafuta kifuniko bila mimi kuutuma. Hakipo, kiko Kitale. Nikachukua kifuniko cha thamosi, nikagonga sinia ya Bibiji.

Bibiji akainua kichwa. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Nani anakohoa hivyo? Hiyo si homa."

Nikammiminia chai.

"Na wewe unagonga sinia yangu kwa nini? Huyo ni nani yako?"

Hapo ndipo nikaona mtu wa tatu ameshuka kutoka mbinguni, na amevaa bangili. "Bibiji," nikasema, "huyo ana binti yangu."

Akashika mdomo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, anapiga goti langu. "Na nyinyi! Na nyinyi pia!" Akanyoosha mkono, akatingisha bangili zake zikalia chumba kizima. "Unasikia? Hii ni kifuniko yangu!"

Akanieleza. Alipoletwa kuolewa, bado msichana, baba wa mume wake ndiye alikaa kwenye kaunta. Bibi arusi hakuonyesha baba mkwe uso. Alivuta shela mpaka kidevuni. Akitaka kupita dukani alitingisha bangili nyuma ya rafu, na mzee akageukia mtaani, akajifanya anahesabu baiskeli. Mzee akitaka kuingia ndani kula, alikohoa. "Mpaka alikufa hajaona uso wangu," akasema. "Na hakuna mtu amenipenda katika hii nyumba kumshinda. Siku nilizaa msichana wote walikunja uso. Yeye alikohoa nje ya mlango, akaweka pipi chini, akaenda."

Kisha akaita wale wa nyumbani kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wakaleta shuka, wakaipigilia mlangoni, kati ya chumba na duka. Baba Nafula akaketi upande wa duka na kitabu chake, mimi na Bibiji upande wa ndani na rekoda. Nikabonyeza. Bibiji akaongea lugha yake na ile shuka, saa nyingine analia, saa nyingine anaimba, na yeye anajibu kutoka upande ule kwa adabu. Nilikuwa sielewi neno. Lakini nilisikia mkwe wangu anavyoongea na mtu mzee, sauti imeshuka, hana haraka, anangoja amalize. Miaka yote hiyo nilikuwa namjua kwa kikohozi tu. Nikainama kurekebisha rekoda ambayo haikuwa na shida.

Profesa alikuwa dukani kwenye benchi, ameona yote. Tulipomaliza Bibiji akamwita, akaingia ameinama.

"Wewe mkubwa wao? Nasikia unataka kufukuza mmoja."

"Nilidhani wamegombana, Bibiji."

"Umeoa?"

"Nimeoa."

"Mama mkwe wako akigonga sufuria, shukuru Mungu. Yangu alikuwa anagonga kichwa."

Nyumba yote ikacheka, hata shuka ilicheka upande wa pili.

Kurudi, Profesa akamwambia baba Nafula akae mbele na Barasa. Yeye mwenyewe akapanda nyuma na mimi, na viatu vyake vile vinavyong'aa, tukashika turubai huku na huku. Tukapita Kimilili. Halafu akasema, "Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliuliza nani amekosa. Hakuna aliyekosa. Ningejibu nini?"

Akatikisa kichwa. "Nimezunguka nchi ngapi kuandika habari za shela na mapazia."

"Sasa umezunguka mpaka nyuma ya pikapu," nikamwambia. "Shika turubai vizuri, unanimwagia maji."

Mikataba akasaini yote miwili. Kwa adabu akaanza na yeye kukohoa kabla hajaingia jikoni. Vijana wa ofisini wakaona, nao wakaanza. Wiki nzima nyumba ilikohoa kama wodi, mimi nagonga tu, sijui nani ni nani. Nikamwambia, "Profesa, wewe ingia. Wewe si mkwe wangu." Akasema, "Hiyo ni bahati yangu au yako?" Nilikuwa na maandazi kwenye mafuta.

Bibiji alisafiri. Siku moja akapiga simu ya kituo, na kabla ya salamu nikasikia bangili. Nikakimbia kuchukua kifuniko.

Miaka ilienda. Nasimiyu alizaa, akazaa tena. Barasa alipumzika kazi kabla yangu, Mungu amweke. Baada yake hakukuwa na mtu wa kubeba chai kutoka nyuma kwenda mbele, nikawa naiweka dirishani na kugonga, nikirudi kikombe kitupu kimeoshwa. Hakuna mtafiti mwingine aliyewahi kuosha kikombe katika nyumba hiyo, na nawaambia mkiwa mnasoma.

Siku ya kuniaga mliona wenyewe. Mlisimama uani mnangoja baba Nafula aongee, na yeye akasimama nje ya ukuta, ameangalia barabara, mimi jikoni mlango umefungwa. Alikuwa ameandika hotuba, Nasimiyu aliniambia aliiandika siku nyingi. Akakohoa. Nikagonga. Akakohoa tena, nikangoja, hotuba haikuja. Nikajua. Nikagonga mara nyingi, polepole, ili ajue imefika. Mwingine wenu, wa wale wanaoniita Kukhu, yaani bibi, akauliza, "Kwani Kukhu analia?" Vitunguu, mtoto. Kila siku ni vitunguu.

Sasa niko Naitiri. Kile kifuniko nilikiomba kama zawadi ya kustaafu, mkanipa na saa ya ukuta. Saa imesimama. Kifuniko kimebonyea katikati, hakina kishikio, hakifuniki sufuria yoyote duniani. Juzi mke wa mwanangu, mtu wa usafi sana, alimwita mnunuzi wa vyuma kuukuu, akakitoa nje na jembe lililovunjika. Nilikuwa nimelala kidogo. Niliamka nikakuta kiko kwenye mzani.

Nikakitoa mwenyewe. Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, wakasimama mlangoni pa jiko, nikawaambia mara moja, na sitarudia:

"Kifuniko hiki hakitoki jikoni kwangu. Baba Nafula akikohoa pale langoni, mtu asimwambie karibu kabla sijagonga. Na siku mkono wangu ukikosa nguvu, nishikeni mkono nigonge. Msinigongee."